Taka zetu zinakwenda kwa nani?



Mvua kubwa zikikaribia Dar es Salaam, hutokea jambo ambalo wengi tunalijua ila hatulisemi. Wingu likitanda, viroba vya taka vilivyokaa uani wiki nzima vinatolewa na kumwagwa mtaroni. Maji yanachukua, ua unabaki safi, na mwenye nyumba analala kwa amani.

Lakini mtaro unakwenda mtoni. Mto Msimbazi unapita katikati ya makazi ya watu kabla ya kufika baharini. Chupa na mifuko vikiziba makalvati, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa mtu anayeishi bondeni. Tumeona mara ngapi barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani? Si kwamba taka peke yake ndiyo inayoleta mafuriko, lakini inayaongezea nguvu.

Mwanasheria alimuuliza Yesu, jirani yangu ni nani? (Lk 10:25-37). Kwa habari ya taka, jibu halihitaji elimu kubwa: jirani yangu ni yule aliye upande maji yanakoelekea, na yule anayevuta moshi wa plastiki ninayoichoma jioni. Taka haziishi kwa kutoka machoni petu. Zinahama tu.

Sheria ya nchi inalijua hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa, yaani nyumbani, dukani na sokoni. Imepita miaka zaidi ya 20, na katika nyumba nyingi bado ganda la ndizi, chupa ya maji, betri na wembe vinakaa katika kiroba kimoja.

Hapa tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Mwananchi anayelipa ada ya taka kila mwezi, kisha gari lisifike mtaani kwake kwa majuma matatu, ana haki ya kulalamika. Aliyejitahidi kutenganisha, kisha akaona vyote vinachanganywa tena juu ya gari lile lile, anavunjika moyo. Anayetoza ada ana deni la huduma. Asipoilipa deni hilo, faini haimfundishi mtu chochote. Hata hivyo, gari kuchelewa hakunipi ruhusa ya kumtupia taka mtu wa bondeni. Kosa la mkubwa halifuti wajibu wa mdogo.

Tena hatuwezi kusema kwamba tabia haibadiliki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulirudi kwenye vikapu na mifuko mbadala kwa muda mfupi. Baadaye tukaanza kuikwepa sheria kwa kubebea bidhaa katika vifungashio vyepesi. Uwezo wa kutii tunao; kinachokosekana ni moyo wa kudumu katika utii huo.

Yuko mtu mwingine tunayemsahau: anayeokota chupa na makopo mtaani na pale dampo la Pugu Kinyamwezi. Anatia mkono katika kiroba chetu bila glavu. Wembe tulioutupa ovyo unamkata yeye. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kuwa utamaduni wa kutupa vitu huishia kuwatupa na watu. Kumtengea ndugu huyu chupa zake safi ni jambo dogo, lakini kwake ni mkate wa siku.

Katika Injili ya Yohane, watu walipokwisha kula mikate na kushiba, Bwana hakuwaaga mara moja. Aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote, na vikajaa vikapu 12 (Yn 6:12-13). Aliyeweza kulisha maelfu kwa mikate mitano hakudharau mabaki.

Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zianze. Kila nyumba iwe na ndoo mbili: moja ya mabaki ya chakula na maganda, yaende shambani kuwa mboji au kwa wafugaji, nyingine ya chupa, makopo na karatasi. Wembe, vioo na betri vifungwe peke yake. Sherehe zetu za kipaimara na ndoa zisiache uwanja wa kanisa umejaa chupa. Kisha jumuiya hiyo hiyo iende kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima, iulize ratiba ya gari na matumizi ya ada. Aliyesafisha kwake anauliza kwa sauti inayosikika.