Tumaini la Mgonjwa Nalo Lipimwe



Wapendwa taifa la Mungu, kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, siku ile ile ya kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lourdes. Juma hili napenda tutafakari swali linalowasumbua wagonjwa wengi na jamaa zao: Mkristo afanye nini anapoletewa tiba mbadala, hali daktari amekwisha kumwambia kwamba ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya kabisa?

Nachukua mfano wa maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, iliyopaswa kumlinda mtu, hugeuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Macho hufifia, miguu hukosa nguvu, na uchovu humwandama mtu kutwa kucha. Huonekana zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko huku karibu na ikweta, lakini yaliyowapata wagonjwa wa huko yanatufundisha sote.

Kwa wengi, hasa katika miaka ya mwanzo, ugonjwa huu huja na kupoa. Aliyelala kitandani mwezi huu aweza kusimama mwezi ujao, hata asipopewa kitu. Basi dawa yoyote iliyotolewa siku ya shida huonekana imeponya, na ushuhuda ukaenea pasipo mtu yeyote kusema uongo.

Mwaka 2009 daktari Mwitalia, Paolo Zamboni, ambaye mkewe aliugua ugonjwa huu, alitangaza kwamba chanzo chake ni kuziba kwa mishipa irudishayo damu kutoka ubongoni, na kwamba yafaa ipanuliwe kwa puto dogo. Wakaiita tiba ya ukombozi. Maelfu ya wagonjwa walilipa fedha nyingi na kusafiri nchi za mbali kuitafuta. Wengine walidhurika, na wapo waliokufa. Mwaka 2017 yakatolewa matokeo ya utafiti wa Kanada uliohusisha wagonjwa 104, na ya utafiti wa Italia ulioongozwa na Zamboni mwenyewe. Wengine walipanuliwa mishipa kweli, wengine wakafanyiwa maigizo tu bila kujua. Tiba ile haikuonekana kuwa na faida. Namheshimu mtu huyo kwa kukubali fikra yake ipimwe. Vivyo hivyo, sumu ya nyuki ilijaribiwa Uholanzi, na matokeo ya mwaka 2005 hayakuonyesha nafuu yoyote.

Wapo waumini wasemao kwamba kupimapima namna hii ni kukosa imani. Mimi naona ni kinyume chake, na shahidi wangu ni Lourdes penyewe. Mwaka 1987 Jean-Pierre Bély, Mfaransa aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa huu huu, alipata nafuu ya ghafla huko baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa. Je, Kanisa lilikimbilia kutangaza? Hapana. Madaktari walimchunguza kwa miaka mingi, na Askofu wake akatamka neno mwaka 1999, yaani miaka 12 baadaye. Ikiwa Mama Kanisa huipima hata kazi ya Mungu kwa subira kiasi hicho, kwa nini sisi tumwamini muuza chupa kwa siku moja?

Sisemi kwamba kila kisichotoka hospitalini ni cha kutupwa. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa mazoezi. Leo imethibitika kwamba mazoezi ya viungo yenye kiasi huwapunguzia uchovu. Kukandwa na sala humfariji mtu. Hatari huja pale faraja inapochukua nafasi ya dawa. Tangu mwaka 1993 zipo dawa ambazo, ijapokuwa haziponyi, hupunguza mashambulio ya ugonjwa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa za lazima. Anayeziacha aweza kupoteza uwezo ambao hautarudi. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anaweka sala na tabibu pamoja, sisi tusivitenganishe.

Basi ukiletewa tiba, uliza mambo matatu. Je, naambiwa niache dawa za daktari? Je, mwenye tiba hii ananufaika na kukata tamaa kwangu? Je, waliotumia wamelinganishwa na wasiotumia, au nasikia shuhuda tu?

Nasi tulio wazima tujiulize kwa nini mgonjwa huenda mbali hivyo. Mara nyingi ni kwa sababu huko hupata mtu wa kumsikiliza. Sikio hilo lilipaswa kupatikana kwetu, katika jumuiya ndogo ndogo, bila malipo. Mgonjwa anayetembelewa kila juma hana haja ya kununua tumaini.

Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Nawatakia Dominika njema.