Siyu: Mawe Yamehifadhiwa, Maneno Je?

Hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ambaye hajakutana na Mwana Kupona binti Msham. Darasani hutajiwa mwaka wa 1858, hutajiwa Mwana Hashima, binti aliyetungiwa wasia ule, kisha huulizwa iwapo utendi huo humkweza mwanamke au humdunisha. Ni nadra kuulizwa mume wa mshairi huyo alikuwa nani. Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyekataa kumwinamia Seyyid Said wa Unguja, na ambaye jina lake huambatana na ngome iliyosimama hadi leo kando ya maji katika kijiji hicho cha kisiwa cha Pate. Kwamba utendi hufundishwa kila mwaka ilhali ngome haitajwi si jambo dogo. Ni dalili kuwa taaluma ya Kiswahili imewaachia wanaakiolojia na wasanifu wa majengo urithi ambao nusu yake ni lugha.

Siyu ya leo ni kijiji kidogo cha funguvisiwa la Lamu. Ngome yake imejengwa penye kijito cha bahari kilichozungukwa na mikoko. Maji yanapojaa mashua huweza kusogea karibu nayo, na yanapopwa hubaki matope. Mgeni anayekiona kijiji hicho kwa mara ya kwanza huenda asisadiki kwamba Gaspar de Santo Bernardino, mtawa wa Kireno aliyefika huko mwaka 1606, aliuhesabu mji huo kuwa mkubwa kuliko yote ya kisiwa kile. Katika karne ya 18 na ya 19, Siyu ilisifika kwa mafundi wake: wachonga milango na viti vya enzi, washonaji wa viatu vya ngozi, na wanakili wa misahafu ambao hati zao zilizopambwa kwa rangi huthaminiwa hadi sasa. Si mbali na hapo pana magofu ya Shanga, ambako uchimbuzi wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha misingi ya misikiti iliyoanzia karne ya 8. Eneo hili, basi, ni miongoni mwa chimbuko la ustaarabu wa Waswahili.

Mnamo mwaka 1843 Siyu na Pate zilikana mamlaka ya Seyyid Said. Sultani alituma majeshi, na mwaka 1845 majeshi hayo yalishindwa vibaya. Ilibidi afariki yeye mwenyewe na mwanawe, Seyyid Majid, ashike hatamu ndipo Siyu ikaanguka mwaka 1863. Kwa hiyo Siyu ilikuwa miongoni mwa miji ya mwisho ya Waswahili katika upwa huu kupoteza uhuru wake kwa Unguja. Mwana Kupona aliandika utendi wake baina ya matukio hayo mawili, wakati mji wa mumewe ungali haujatiishwa. Msomaji anayelijua hilo hawezi tena kuusoma utendi huo kana kwamba ulitungwa katika utulivu wa chumba cha ndani tu, mbali na kishindo cha mizinga.

Ni nani aliyeijenga ngome ya Siyu? Wapo wanaosema kuwa ilijengwa na wenyeji wenyewe chini ya watawala wao. Wapo pia wanaosema kuwa ilijengwa kwa amri ya Mabusaidi ili kuwadhibiti wenyeji hao. Tofauti ya kauli hizi si ndogo. Kwa mujibu wa kauli ya kwanza, ngome ni ushahidi wa Waswahili kujilinda. Kwa mujibu wa ya pili, ni ushahidi wa Waswahili kulindwa wasiinuke. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yameikarabati ngome hiyo, nayo yanastahili shukrani, kwani mgala muuwe na haki yake mpe. Hata hivyo, ukarabati wa kuta hauwezi kuukata mjadala huo. Ushahidi mwingine umo katika masimulizi ya koo, majina ya mitaa, mashairi ya majibizano na hati zilizofungiwa makashani. Huo ni ushahidi wa maneno, na maneno ni kazi ya watu wa lugha.

Hebu na yatazamwe majina tu ya majengo ya aina hii. Mwambao wa Afrika Mashariki hauna jina moja la jengo la kujihami. Kuna ngome, kuna boma, kuna buruji na husuni kutoka Kiarabu, na kuna gereza. Neno hili la mwisho, kama waelezavyo wanaisimu, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno waliijenga Fort Jesus mjini Mombasa kati ya mwaka 1593 na 1596, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Neno likahama kutoka kanisa hadi ngome nzima. Huko Kilwa Kisiwani jengo la ngome bado huitwa Gereza. Baadaye Fort Jesus ikafanywa kifungo kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa baada ya vita vya Shela na kukamilika takriban mwaka 1821, nayo ikatumiwa kufungia watu hadi mwaka 1984. Leo Mswahili asikiapo neno gereza hamwazi kasisi wala askari wa zamu juu ya ukuta, humwaza mfungwa. Historia ya karne nne imo katika neno moja la silabi tatu. Vivyo hivyo mzinga: gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki lililipa jina bomba la chuma litemalo moto. Mhadhiri wa semantiki anayetafuta mifano ya mabadiliko ya maana hana haja ya kuazima mifano ya Kiingereza ilhali ukuta wa bahari umemjalia mifano hii.

Maneno hayo yamesalimika kwa kuwa yaliingia katika Kiswahili sanifu. Yapo mengi ambayo hayakubahatika. Lugha sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilitegemezwa juu ya Kiunguja. Lahaja za kaskazini, zikiwemo Kiamu, Kipate na Kisiu, ziliachwa pembezoni ilhali ndizo zilizobeba tendi kongwe. Mwanafunzi akutanapo na mato kwa maana ya macho, au ndia kwa maana ya njia, huyaona kama pambo la kishairi la kufafanuliwa chini ya ukurasa. Kwa mzee wa kaskazini, hayo ni maneno ya kuulizia njia na ya kulalamikia macho yanayouma. Fundi ajuaye kuchoma chokaa, kuchonga matumbawe na kupanga boriti za mikoko ana istilahi za kazi hiyo, kila hatua na kila chombo kwa jina lake. Panapoingia saruji na mabati, haibadiliki nyumba peke yake. Majina hukosa wa kuyatumia, na fundi anapozikwa huzikwa nayo.

Inasikitisha kwamba tafiti mashuhuri kuhusu Siyu, kama ile ya James de Vere Allen ya mwaka 1979 na ile ya Howard Brown ya mwaka 1988, zimeandikwa kwa Kiingereza. Wataalamu hao hawana lawama. Walifanya kazi ambayo wengine hawakuifanya. Lawama ni ya wale ambao lugha ya Siyu ndiyo somo lao na bado wamengoja kusimuliwa habari za Siyu kwa lugha nyingine.

Huenda baadhi wakapinga kwamba wakazi wa vijiji vya visiwani wanahitaji maji, zahanati na walimu kabla ya faharasa za maneno. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna msomi mwenye insafu atakayeipuuza. Lakini kukusanya maneno hakumpokonyi mtu maji yake, na kijiji kinachotambuliwa kuwa hazina ya taifa huwa na sauti zaidi kinapodai haki zake. Wengine watahofia kwamba kuzienzi lahaja ni kuudhoofisha usanifu. Hofu hiyo haina msingi. Kiswahili sanifu kinahitaji istilahi kila siku, na waundaji wake hukimbilia kutohoa Kiingereza kabla ya kuchungulia lahaja. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, haikuishia kukitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Iliitaka pia Serikali kuendeleza na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya.

Yanayohitajika hayapiti uwezo wa idara na vyama vya wanafunzi. Kwanza, ziara za kitaaluma, ambazo kwa kawaida huishia Fort Jesus na Mji Mkongwe wa Lamu uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, zifike Siyu, na ziende kwa kusikiliza badala ya kupiga picha. Pili, tasnifu za uzamili zielekezwe kwenye istilahi za ujenzi, ubaharia, uchongaji na ushonaji wa ngozi katika lahaja za Pate. Tatu, wazee watakaotoa maarifa yao waombwe idhini, watajwe kama walimu, na nakala ya kila kilichokusanywa irudi katika shule ya kijiji, isije ikawa maneno yamehama Siyu kama ilivyohama misahafu mingi. Nne, maelezo yoyote yatakayowekwa penye ngome yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kwa ushauri wa wenyeji. Ngome ya Waswahili kuelezwa kwa lugha ya wageni kabla ya lugha ya wenyewe ni kinyume cha maana yake.

Muda si mwingi. Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021, na vijana wa visiwani watafuata riziki kule iliko, kama walivyofanya vijana wa kila zama. Wataondoka na Kiswahili, lakini si lazima waondoke na Kisiu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Siyu ukuta umekwisha kuzibwa, na mafundi wake wamefanya wajibu wao. Ufa uliosalia umo katika lugha, nao hauzibwi kwa chokaa. Unangoja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wavuke maji wangali wapo wa kuwajibu.