Maji ya Yordani na Maji ya Lualaba

Siku hizi hata huku Lokandu twasikia habari za misafara ya hija yenye viongozi, iendayo Nazareti, Betlehemu na Yeruzalemu, na kurudi na vichupa vya maji ya Yordani. Kuzuru Nchi Takatifu ni vema. Papa Paulo VI mwenyewe alikwenda Januari 1964. Ugomvi wetu si na msafiri. Ni na wale wanaonong’ona kwamba mtoto akibatizwa kwa maji hayo amebatizwa vizuri zaidi. Mama mmoja ameamini, naye angoja kichupa, na mtoto ana homa! Akifa je?

Kanisa lataka maji ya kweli na maneno ya Ubatizo. Miaka yote tumechota Lualaba kwa ndoo, wala malaika hawajalalamika.

Tena mto huu wapita Kongolo kabla ya kufika kwetu. Huko, tarehe 1 Januari 1962, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwenye hamu ya hija na aanzie huko.

Mama yule twamngoja Jumapili, au usiku wowote homa ikizidi. Ndoo imejaa.