Pasipoti Kwanza, Istanbul Baadaye: Neno Letu kwa Mabiharusi wa Kusini



Msimu wa korosho ukifika, huku Mtwara na harusi nazo hufika. Kuanzia Oktoba minada ikianza na pesa zikiingia kwa wakulima, kila wiki kuna shughuli, iwe Mikindani, Msimbati, Naliendele au kule Tandahimba na Newala. Na miaka hii, mbali na keki na sare, kuna swali jipya ambalo mwali huulizwa na mashoga zake kabla hata nikaha haijafungwa: "Fungate mnaenda wapi?" Jibu linalongojewa ni mji wa ng'ambo: Istanbul, Dubai, Maskati au Kuala Lumpur.

Hatuna neno baya juu ya safari. Dini yetu inatuhimiza tutembee katika ardhi tukazingatie, na wazee wa mwambao huu walikuwa watu wa majahazi kabla ndege hazijajulikana. Lakini maoni yetu ni haya, na tunayasema waziwazi: tarehe ya harusi isiwe ndiyo inayopanga safari. Safari ipangwe na pasipoti, viza na pesa ya halali iliyo mkononi tayari. Na biharusi awe mmoja wa wapangaji, si mzigo unaobebwa.

Fungate ni siku saba

Tukumbushane neno lenyewe. Fungate kwa wazee wetu ilikuwa siku saba. Maharusi wanapumzika, chakula kinaletwa, somo yuko karibu, na watu wawili wanaanza kuzoeana bila ya haraka. Hakukuwa na mtu wa kukimbilia uwanja wa ndege alfajiri na hina bado mbichi.

Ushauri wetu ni kuzigawa. Siku saba zibaki karibu: nyumba ya utulivu Mikindani, au siku mbili tatu kwenye mchanga wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona bahari hiyo, na sisi tunaipita. Safari ya mji wa ng'ambo isubiri miezi mitatu, minne, hata sita.

Faida ya kusubiri ni kubwa. Kwanza, cheti cha ndoa kitakuwa mkononi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe, kwa hiyo msimwache shehe aliyefungisha mpaka mjue cheti kinapatikana lini. Baadhi ya ofisi za viza hukiomba wanandoa wanapoomba pamoja, na katika nchi za Kiislamu hoteli inaweza kukiuliza. Pili, utapata nafasi ya kuangalia nauli kwa wiki kadhaa badala ya kununua tiketi ya siku moja tu kwa bei yoyote. Tatu, utasafiri na mtu unayemjua, si mgeni uliyemzoea juzi.

Jina lako ni la baba yako

Mabiharusi wengi huharakisha kubadili jina. Tiketi inakatwa kwa jina la mume, pasipoti inasema jina la baba, na kwenye kaunta ya ndege wanaambiwa majina hayalingani. Dada, katika Uislamu mwanamke haachi nasaba yake kwa kuolewa. Wake wa Mtume, rehema na amani zimshukie, walijulikana kwa majina ya baba zao. Basi tiketi, viza na hoteli viandikwe kama pasipoti inavyosema, herufi kwa herufi.

Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2018. Ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, na utahitaji kitambulisho cha taifa cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo wengi wetu wa vijijini hukwama: cheti cha kuzaliwa hakipo, au jina la NIDA limeandikwa tofauti na la cheti. Kurekebisha hilo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko pasipoti yenyewe. Kwa hiyo kazi hii ianze siku posa inapokubaliwa, si siku ya kupaka hina. Na kama unayo pasipoti ya zamani, angalia tarehe: nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 iliyobaki.

Tena, pasipoti yako ikae kwenye mkoba wako. Mume mwema hatahisi amedharauliwa. Sote tumezisikia habari za dada zetu waliokwenda Ghuba kwa ahadi za kazi, hati zao zikashikwa na wengine, wakabaki hawana pa kushika. Safari ya fungate si hiyo, lakini mazoea ya mwanamke kushika hati zake ni mazuri kuanza nayo siku ya kwanza ya ndoa.

Mji upi, kwa hati zipi?

Kosa kubwa tunaloliona ni kuchagua mji kwa picha, kisha kuuliza masharti. Tufanye kinyume.

Istanbul ni mji wa kutamanika, na kwa Mwislamu una maana yake. Kuna kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Kuna msikiti wa Süleymaniye, na Aya Sofia iliyorudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Hata saa zao ni sawa na zetu. Lakini Mtanzania anahitaji viza, na viza inataka maandalizi. Dubai nako unahitaji viza kabla ya kupanda ndege, na mara nyingi hupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Wakala akikwambia "viza ipo njiani" huku anataka nauli yote mkononi, msubirishe. Viza ionekane kwanza. Kwa Maskati, viza ya kielektroniki hutolewa na Polisi ya Oman kupitia tovuti yao. Uzuri wa Maskati ni kwamba utatembea soko la Mutrah na kukuta wanaozungumza Kiswahili, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, ni wa kuswali, si wa kupiga picha tu.

Sasa tazama miji ambayo hatuisemi sana. Malaysia inampokea Mtanzania bila viza kwa siku 30. Unajaza kadi ya kidijitali ya kuwasili ndani ya siku 3 kabla ya kufika, basi. Kuala Lumpur ina chakula cha halali kila kona na misikiti iliyo karibu na maduka. Afrika Kusini nayo haitutaki viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Cape Town ina mtaa wa Bo-Kaap wenye msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794, na Waislamu wanaoishi hapo kwa vizazi. Kenya ni jirani na mwanajumuiya mwenzetu, na Mombasa Mji wa Kale hakuna atakayekuona mgeni.

Lakini "bila viza" si "bila maswali". Ofisa wa uhamiaji anaweza kuomba tiketi ya kurudi, anwani ya hoteli na ushahidi wa pesa. Vichapishe kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia usikiache, maana nchi kadhaa humtaka nacho msafiri anayetoka kwetu. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 hudumu maisha. Ukichanjwa juzi ya safari, umechelewa. Na kwa kuwa masharti hubadilika, yaangalie mara mbili kwenye tovuti rasmi ya nchi unayokwenda: kabla ya kulipa tiketi, na wiki moja kabla ya kuondoka.

Sisi wa mpakani tuna somo jingine. Kwa bibi zetu, ng'ambo ilikuwa kuvuka Ruvuma pale Kilambo, kwenda kwa ndugu wa Palma na Mocímboa da Praia. Mto ni uleule na lugha zinasikilizana. Lakini vita vya Cabo Delgado vilianza 2017, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mlango kuwa wazi hakukuhakikishii usalama ndani ya nyumba. Kwa hiyo uliza yote mawili: naruhusiwa kuingia? Na huko kuna amani?

Safari inaanzia Mtwara

Matangazo ya nauli huanzia Dar es Salaam. Sisi tuko zaidi ya kilomita 500 kusini yake. Ndege ya Mtwara hadi Dar ni kama saa moja, lakini ikichelewa, na tiketi ya kwenda ng'ambo umeikata peke yake, shirika la pili halikudai wala halikungoji. Umepoteza. Vilevile ndege za ndani hutua Jengo la Pili, wakati ndege nyingi za kimataifa huondokea Jengo la Tatu lililofunguliwa 2019. Ni majengo mbalimbali, na mizigo unaihamisha mwenyewe.

Basi, lala Dar usiku mmoja kabla. Ukipita barabarani wakati wa mvua, ongeza siku. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Usiku huo wa Dar uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, usije ukawa gharama ya kushtukiza.

Majira yana maana

Pesa ya korosho huja mwisho wa mwaka. Wakati huo Maskati na Dubai hali ya hewa ni ya kupendeza, tofauti na Juni hadi Agosti ambapo joto hupita nyuzi 40. Cape Town Desemba ni kiangazi. Istanbul ni baridi na mvua, mara nyingine theluji, na koti la kukodi kwa jirani halitatosha. Lakini wiki mbili za mwisho wa Desemba nauli hupanda kila mahali kwa sababu ya likizo. Ukiweza, vuka mwaka mpya uende katikati ya Januari.

Ramadhani nayo huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka wa miladi, kwa hiyo miaka hii imeingia kwenye miezi hiyohiyo ya mwanzo wa mwaka. Angalia kalenda. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa, lakini mji wa Kiislamu mchana wa Ramadhani una utulivu wake, na migahawa mingi hufungwa.

Na swala. Sisi tumezoea nyakati zisizobadilika sana mwaka mzima. Istanbul mwezi Juni, Magharibi huingia baada ya saa 2 na nusu usiku, na Alfajiri kabla ya saa 10. Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Panga matembezi kwa kufuata nyakati hizo, na utumie rukhsa ya kupunguza swala ambayo Mola ametupa wasafiri.

Pesa ya nani?

Hapa ndipo tunapokuwa wakali kidogo. Tunasikia tiketi za fungate zikilipwa kwa mahari ya biharusi, tena bila kumuuliza. Mahari ni haki ya mke. Akiitoa kwa radhi yake, ni sawa. Ikichukuliwa kwa sababu "tunakwenda wote", hiyo si radhi. Na tunasikia wengine wakikopa kwa riba, wakarudi na picha nzuri na deni la misimu miwili. Korosho ikishuka bei, nyumba changa inaanza kugombana. Ndoa iliyofunguliwa kwa dua haifai kuendelezwa kwa riba.

Tunajua mtasema: "Tukiahirisha, hatutakwenda tena." Ni hofu ya kweli. Mimba huja, mume hubadili mawazo, shemeji huomba msaada. Jibu letu ni kwamba jambo hili lizungumzwe kabla ya nikaha, walii akiwa anasikia: mwezi gani, mji gani, nani analipa nini. Pesa iwekwe kando kidogo kidogo, ijulikane ni ya nini. Mimba ikija, ni neema, na bado safari inawezekana. Mashirika mengi ya ndege huanza kutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na mengi hayachukui mjamzito aliyepita wiki ya 36. Muulize mkunga wako mapema.

Na ikiwa mwaka huu riziki haikufika, mashoga wakiuliza mnaenda wapi, waambie Msimbati. Hakuna aibu katika kukaa ndani ya uwezo wako, na pasipoti yako ya miaka 10 haitaharibika kwa kusubiri.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabiharusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na safari za kwenda na kurudi salama. Amin.