Tusiwafukuze Wakazi wa Kariakoo

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ibaki ya biashara tu, wakazi wahamishwe, ameagua ugonjwa usiokuwepo. Anatolea mfano ghorofa lililoporomoka hapo Kariakoo Novemba 2024. Lakini uimara wa jengo hutegemea msingi, nguzo na ukaguzi, si kama ndani yake mtu analala au anauza vitenge.

Duka chini, makazi juu: mpangilio huo humpunguzia mfanyakazi nauli na kuuacha mtaa na watu usiku. Kuwahamishia wakazi Mbagala na Chanika, pembezoni mwa jiji, ni kuongeza foleni.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu kudhibiti uendelezaji. Itumike: stoo za kemikali zitengwe na vyumba vya kulala, njia za zimamoto ziachwe wazi. Halmashauri ya Jiji, kagueni majengo, wakazi waacheni.