Macho Mekundu Si Ushahidi

Kila mara bibi mchawi wa Bongo Movie anapolalamikiwa, yule wa kaniki, kibuyu na macho mekundu anayejitokeza nyuma ya nyumba usiku wa manane, watayarishaji na mashabiki hutoa hoja zilezile. Nazijibu hapa kwa uchungu, kwa sababu Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sura hiyohiyo.

Hoja kubwa ni uhalisia. Watanzania wengi wanaamini uchawi, husema, sasa msanii aigize nini? Kweli wanaamini, na sina ugomvi na msanii anayeionyesha imani hiyo. Lakini filamu zetu hazionyeshi imani, zinaithibitisha. Kamera inatuingiza chumbani kwa bibi, tunamwona akipaa na ungo, tunamwona akimroga mjukuu. Mtazamaji anatoka hapo akiwa shahidi, hana tena sababu ya kujiuliza kama huyu mama kasingiziwa.

Uhalisia ninaoujua mimi uko jikoni. Mwanamke wa Magu au Shinyanga amepika tangu usichana wake kwenye mafiga matatu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kuni zikiadimika anachochea mabua ya pamba, yakiisha hayo anachochea mavi makavu ya ng'ombe. Anainama, anapuliza, moshi unamjaa usoni, machozi yanamtoka, anajifuta kwa ncha ya kanga na kupuliza tena. Akifika miaka 70 macho yake yatakuwa na rangi gani? Ndiyo maana mashirika ya kutetea wazee huko Usukumani, pamoja na elimu na msaada wa sheria, yalijenga majiko banifu. Hayo sijayaona kwenye filamu hata moja.

Wengine hukimbilia methali: lisemwalo lipo. Haya, tulitazame hilo lisemwalo. Usukumani dalili ya uchawi ni macho mekundu, na wanaouawa zaidi ni wanawake. Vuka uende Kilifi, Kenya: huko mvi ndizo zinazomponza mtu, na wazee wa kiume wanauawa kwa wingi, hadi wengine wakahamia kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma. Dalili imebadilika, jinsia imebadilika. Kisichobadilika ni shamba. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna kijana anayeona urithi unachelewa, au mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea na ekari ambazo shemeji wanazitaka.

Kwamba ni burudani tu, sikubali. Mwaka 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Sisemi waliowachoma walitoka kutazama filamu. Nasema mtu aliyezoeshwa kushangilia bibi mchawi akiungua kwenye skrini hawezi kuwa mwepesi wa kuchukua ndoo ya maji jirani anapochomwa.

Magazeti ya udaku nayo hujitetea kuwa yanaripoti tu. Bikizee akikutwa alfajiri yuko uchi kwenye uwanja wa watu, amepotea, hajui jina lake, kesho yake kichwa cha habari kinasema mchawi kaanguka na ungo. Mwandishi hakumuuliza daktari kuhusu maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, wala hakuwatafuta watoto wake ajue kama mama yao huwa anatoka usiku. Picha imepigwa, uso haukufichwa, na mama huyo atarudishwa kijiji kilekile. Hiyo si kuripoti. Ni kumtaja mtu kwa wauaji wake.

Hoja ya soko sitaipa nafasi kubwa. Wauzaji husema mtazamaji anataka mchawi. Mtazamaji hajawahi kupewa kingine.

Na kisa cha kusisimua kipo. Yupo mpiga ramli aliyelipwa ili ataje jina, mtu wa aina ileile ambayo serikali ya Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2015 kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Yupo mpwa mwenye haraka ya shamba, na mkata mapanga wa kukodi. Watunzi, andikeni habari za hao watatu, na bibi mpeni jina, jiko na kauli yake mwenyewe.