Nani Kasema Kiswahili Hakijui Hesabu?

Mwenzangu mmoja anayesoma Hisabati, tunakaa naye hosteli moja hapa Wandegeya, aliniambia kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na ya kupatana bei sokoni. Ukitaka kuichambua namba kubwa, eti sharti urudi kwenye Kiingereza. Nikamwomba anipe namba. Akatoa ya sensa ya mwaka 2024, idadi ya watu wa Uganda: 45,905,417.

Haya. Milioni arobaini na tano, laki tisa na elfu tano, mia nne na kumi na saba. Inaishia na 7, basi ni witiri, si shufwa. Muislamu anayesali pale Old Kampala analijua neno witiri hata kabla ya somo la hesabu.

Je, ni namba tasa? Tasa ni asiyezaa, na namba tasa haina kigawo ila 1 na yenyewe. (Kichekesho ni kwamba hizo tasa ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana.) Neno la Kiingereza linaniambia tu kwamba ni namba ya kwanza, ya kwanza katika nini, halisemi.

Jumlisha tarakimu zake: 35. Hazigawanyiki kwa 3, basi namba nzima haigawanyiki kwa 3. Sasa ikate tatu tatu kutoka kulia: 417 toa 905 jumlisha 45, unapata hasi 443. Kwa kuwa 7 mara 11 mara 13 ni 1,001, hiyo 443 inatosha kuzipima zote tatu kwa mkupuo. 441 ingekubali 7, 440 ingekubali 11, 442 ingekubali 13. 443 inazikataa zote.

Nikaendelea na 17, 19, 23, zote zikabakiza. Mwenzangu alikuwa ameanza kutabasamu. Nilipofika tasa ya kumi na tano, yaani 47, haikubaki kitu: 47 mara 976,711. Namba ya sensa si tasa. (Kenya ina kaunti 47, ni sadfa tu.)

Neno gani nilikosa? Shule za msingi za Tanzania zinafundisha vigawo na vigawe kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960. Sisi tuliiandika lugha hii katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, kisha tukaiachia salamu na methali. Na lawama si za huyo mwenzangu peke yake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tunaoikimbia hesabu, halafu tunalalamika kwamba lugha yetu inadharauliwa.

Sasa zamu ni yake. Aniambie kama 976,711 ni tasa. Hana haja ya kujaribu kigawo kinachozidi 988, na mimi nimefika 53 bila kupata. Akipenda afanye kwa Kiingereza. Nitasahihisha kwa Kiswahili.